Visa ya mama ni ya miaka mitano, mpakani wamempa miezi mitatu. Ipi inahesabika?

#1 Mwanagenzi TX
Wakuu, habari za humu. Mama yangu ametua huku Texas mwezi wa pili akitokea Nairobi, kaja kumkanda mke wangu aliyejifungua. Visa yake ni B1/B2, ile ya biashara na matembezi, ya miaka mitano, inaisha 2029. Kwenye kaunta ya uhamiaji afisa alimuuliza maswali mawili matatu, akampiga picha, akachukua alama za vidole, akamrudishia pasipoti na kumwambia apite. Muhuri hakuna. Nimepekua kurasa zote mpaka ile ya mwisho, hola.

Jana jirani kanishtua, akasema niingie mtandaoni nitafute I-94 yake, ile rekodi ya kuingia Marekani. Nimeipata, na imeandikwa mwisho wa kukaa ni 14 Mei. Miezi mitatu! Tiketi yake ya kurudi ni ya Julai. Mimi siku zote najua mgeni anapewa sita.

Kwa hiyo nauliza: kati ya tarehe ya visa na ya I-94, tunafuata ipi? Na akisimamishwa mahali, ataonyesha nini wakati pasipoti ni nyeupe?

#2 Chapati Nne
Hongera ya mtoto. Mengine nawaachia mawakili wa humu, wanaojua sheria zote isipokuwa ile ya kurudisha hela za watu. Nimekaa paleee nasoma.

#3 Kasuku wa Dallas
Visa ndiyo mwisho wa maneno. Ubalozi umeshasema 2029, wa uwanja wa ndege ni nani apinge? Hayo ya mtandaoni ni makadirio ya kompyuta tu. Mama atulie ale uji.

#4 Karani Mstaafu
#3 acha kupoteza watu, hili ni jambo la kumharibia mzee wa watu safari zake zote za baadaye.

Visa ni ruhusa ya kwenda kubisha hodi. Tarehe iliyo kwenye ile stika ni siku ya mwisho ya kubisha hodi, basi. Utakaa hadi lini, anaamua afisa wa CBP, idara ya forodha na ulinzi wa mpaka, pale mpakani, na uamuzi wake ndio unaoandikwa kwenye I-94. Mtu anaweza kuingia leo kwa visa inayoisha kesho na akapewa miezi sita halali kabisa. Na mwenye visa ya miaka mitano anaweza kupewa wiki mbili.

Mama yako mwisho wake ni 14 Mei. Siyo Julai, siyo 2029.

#5 Dereva wa Masafa
Karani kamaliza. Naongeza historia kidogo kwa vijana. Zamani ilikuwa kadi nyeupe ya karatasi, mnagawiwa ndani ya ndege mnaanza kuazimana kalamu. Afisa anaigonga muhuri, anaandika tarehe kwa mkono, anaibana kwa pini kwenye pasipoti. Ukitoka, shirika la ndege linaichomoa. Mwaka 2013 wakaacha karatasi kwa wanaokuja kwa ndege na meli, ikawa ya kielektroniki. Muhuri ukabaki, afisa akiandika aina ya kuingia na tarehe. Sasa hata muhuri wameanza kuuacha viwanja vingi. Ndiyo maana wazee wengi hawajui wamepewa hadi lini mpaka mtoto aingie mtandaoni.

#6 Mlezi wa Usiku
Mwanagenzi shukuru umeipata mara moja. Baba mkwe wangu tulitafuta wiki nzima inasema hakuna rekodi, nyumba nzima presha. Kumbe visa yake iko kwenye pasipoti ya zamani ya bluu na amekuja na mpya ya kielektroniki, anatembea nazo zote mbili zimefungwa mpira. Sisi tunaingiza namba mpya. Shemeji akajaribu ile ya zamani, ikatokea papo hapo.

#7 Karani Mstaafu
Hilo la #6 liko sana kwa Wakenya, maana pasipoti za zamani zilikoma kutumika mwishoni mwa Novemba 2022 na watu wengi wana visa nzima ndani yake. Visa ikiwa bado hai unasafiri na zote mbili, ni sawa.

Kosa lingine ni majina. Sisi tuna majina matatu manne. Kwenye ule ukurasa, nafasi ya jina la kwanza unaingiza majina YOTE yaliyo chini ya "Given Names" kwenye pasipoti, mfululizo. Watu wanaweka moja, halafu wanalia kuwa hawapo kwenye mfumo.

Na angalieni anwani iishie na .gov. Kutazama I-94 ya mtu aliyekuja kwa ndege ni bure. Kuna matapeli wana kurasa zinazofanana kabisa na wanataka kadi ya benki.

#8 Shangazi Halima
Hongereni wazazi. Mwanangu Mwanagenzi, hebu niambie, mamako aliulizwa nini pale kaunta na akajibu nini? Mimi nahisi jibu liko hapo.

#9 Mwanagenzi TX
Asanteni sana wote. Shangazi, anasema aliulizwa amekuja kufanya nini, akajibu "kumsaidia mke wa mtoto wangu, amezaa". Akaulizwa utakaa muda gani, akasema "mpaka mtoto apate nguvu". Akaulizwa begi lina nini, akasema unga wa wimbi na omena. Kulikuwa na mkalimani kwenye simu, mama anasema alikuwa na Kiswahili "cha redio".

#10 Chapati Nne
"Mpaka mtoto apate nguvu" 😂😂 Afisa kaandika miezi mitatu kwa sababu huo ndio umri wa kukaza shingo. Huyo ni mzazi mwenzetu.

#11 Shangazi Halima
Wacheka, lakini ndiyo yenyewe. Kwetu kusaidia ni heshima, nyanya haji kukaa mikono mapajani. Wao wakisikia "kusaidia na mtoto" wasikia yaya asiyelipwa, na visa ya kutembea haina ruhusa ya kazi. Bora angesema nimekuja kumuona mjukuu, ambayo pia ni kweli. Hapa Columbus najua kina mama waliorudishwa kwa neno hilo, na wengine walipita kwa neno hilo hilo. Haitegemei mtu tu, yategemea na siku.

#12 Mlezi wa Usiku
Mimi sikubaliani na Shangazi. Angemshuku yaya asingempa hata miezi mitatu, angempeleka chumba cha pili wakafungua simu kusoma meseji. Mimi nauliza pasipoti yake inaisha lini? Ikiwa karibu kuisha, wanakupa hadi siku ya pasipoti na siyo zaidi.

#13 Mwanagenzi TX
#12 pasipoti ni ya 2032. Mbichi kabisa.

#14 Karani Mstaafu
Basi hiyo imeondoka. Ngoja niwape kanuni yenyewe, maana wengi mnasema sita ni mazoea. Siyo mazoea, imeandikwa kwenye kanuni za uhamiaji, 8 CFR 214.2(b): anayeingia kwa B-2, yaani matembezi, apewe si chini ya miezi sita. Ila pasipoti ikiwa fupi anaweza kupata pungufu, au afisa akiwa na sababu na bosi wake akaidhinisha. B-1, yaani shughuli za biashara, haina hiyo sita. Unapewa muda unaolingana na shughuli.

Mwanagenzi, tazama kwenye I-94 panapoandikwa aina ya kuingia. Ikiwa B1, tumepata mchawi.

#15 Mwanagenzi TX
Nimetazama. B2.

#16 Chapati Nne
Mchawi kaponyoka.

#17 Dereva wa Masafa
Swali la kizushi: mama alikuja lini mara ya mwisho?

#18 Mwanagenzi TX
Mwaka jana. Dada yangu yuko Georgia, naye alijifungua. Alikaa karibu miezi sita, akarudi Kitui kabla ya tarehe, halafu akaja tena huku. Alitoka kihalali kabisa.

#19 Dereva wa Masafa
Hapo sasa. Wanaona safari zote kwenye skrini. Mtu anayekaa Marekani miezi mingi kuliko kwake haonekani tena mgeni, hata kama hajavunja kitu. Mimi naweka hela yangu hapo.

#20 Shangazi Halima
Na mimi yangu iko pale pale. Wajukuu wawili kwa miaka miwili, na neno "kusaidia". Hizo mbili zimekutana.

#21 Kasuku wa Dallas
Au ni makosa ya kuandika tu! Mnapenda kutafuta siasa kwenye kila kitu. Kijana kabonyeza 05 badala ya 08.

#22 Karani Mstaafu
Ajabu, #21 leo una hoja. Makosa hutokea. Kuna ofisi zinaitwa Deferred Inspection, nyingi ziko kwenye viwanja vikubwa vya ndege, kazi yake ni kusahihisha I-94 iliyokosewa na CBP: jina, tarehe ya kuzaliwa, aina, tarehe ya mwisho. Lakini wanarekebisha KOSA. Ukienda kuwaambia "mmempa muda mdogo" na wao wakaona afisa alikusudia, watakwambia jaza fomu ya kuongeza muda. Piga simu kwanza, usimbebe mama mzima mzima.

#23 Simu ya Kitochi
Mbona mnazunguka? Mama aende Mexico wikendi moja arudi, anapewa sita mpya. Jamaa zangu wanafanya hivyo.

#24 Mtu wa Goma
Ndugu #23, hapana. Ukienda Mexico au Canada na kurudi kabla ya siku 30, kwa kawaida wanaweza kukurudisha kwenye I-94 ile ile, tarehe ile ile. Haijianzi upya. Tena kwa pasipoti ya Kenya unahitaji visa ya Canada kwanza. Mimi niko Ottawa na naona watu wanafika mpakani na mawazo haya, kisha wanapoteza hata ile walikuwa nayo.

Jambo lingine: Canada na Marekani zinapeana taarifa. Ukiingia huku kwa barabara, Wamarekani wanajua umetoka. Kwa upande wa Mexico usitegemee, weka tiketi ya basi, risiti, muhuri wa Mexico, kila kitu chenye tarehe.

#25 Binti Uvinza
Nimejifunza mengi, asanteni. Mimi I-94 yangu haina tarehe, imeandikwa D/S. Ni kawaida?

#26 Karani Mstaafu
Bila shaka wewe ni mwanafunzi, umeingia kwa F-1, visa ya masomo. D/S maana yake utakaa muda wote unaosoma na kufuata masharti, ndiyo maana hakuna tarehe. Angalia I-20 yako, ile fomu ya chuo, isiishe. Mama wa Mwanagenzi hayuko huko.

#27 Mlezi wa Usiku
Turudi kwenye la muhimu. Mwanagenzi, ukitaka abaki hadi Julai ni fomu I-539 ya kuongeza muda, inakwenda USCIS, idara ya uraia na uhamiaji. Inabidi ifike KABLA ya 14 Mei, na wao wenyewe wanashauri angalau siku 45 kabla. Ada ni dola 420 ukijaza mtandaoni, 470 kwa karatasi. Utaambatisha barua ya sababu, tiketi, na uthibitisho kuwa kuna anayemlisha. Ukishatuma kabla ya tarehe umesalimika, unakaa unangoja jibu.

#28 Karani Mstaafu
"Umesalimika" ni neno kubwa mno. Ombi likiwa linasubiri, siku zake hazihesabiwi kuwa za kukaa bila ruhusa, hilo kweli. Lakini likikataliwa baada ya 14 Mei kupita, ile visa ya hadi 2029 inakufa. Kwa sheria yao, mgeni akipitiliza muda aliopewa, hata siku moja, visa aliyoingilia inafutika na ataomba upya nchini kwake. Akipitiliza zaidi ya siku 180 kisha akatoka, hawezi kurudi miaka mitatu. Mwaka mzima au zaidi, miaka kumi.

Kwa hiyo lipime. Miezi miwili ya ziada dhidi ya visa nzima.

#29 Mlezi wa Usiku
Karani unatisha watu. Mimi mama yangu aliongezewa, na wengi nawajua waliongezewa. Sababu ikiwa ya kweli wanakubali.

#30 Karani Mstaafu
Sijasema hawakubali. Nimesema asidhani karatasi ya risiti ni ngao.

#31 Dereva wa Masafa
Kuhusu swali la pili, la kuonyesha nini. Fungua ule ukurasa, CHAPA I-94, kunja weka ndani ya pasipoti. Sheria inataka mgeni wa miaka 18 na zaidi atembee na uthibitisho wake wa kusajiliwa, na I-94 ni mmojawapo. Tangu 2025 wamelikazia hili. Mimi naendesha karibu na mpaka wa kusini, kuna vizuizi ndani kabisa ya barabara kuu, hata hujafika mpaka. Siku moja nilimpa lifti mzee mmoja, pasipoti kaiacha kwa mwanawe "isipotee". Tulikaa pembeni ya barabara mpaka mwana akatuma picha. Afisa alikuwa mstaarabu, alimpata kwenye mfumo, lakini mzee alitetemeka mpaka chai ikamwagika.

Kwa hiyo karatasi kwenye mkoba, na picha kwenye simu ya mama NA simu yako.

#32 Simu ya Kitochi
Na akitoka? Mbona ukiondoka Marekani hakuna kaunta ya kugonga muhuri? Watajuaje katoka?

#33 Dereva wa Masafa
Shirika la ndege linapeleka orodha ya abiria. Na tangu mwisho wa Desemba 2025 kanuni yao inaruhusu kumpiga picha kila asiye raia akitoka. Akishafika Nairobi, ingia tena kwenye ule ukurasa, kuna sehemu ya historia ya safari. Hakikisha kutoka kwake kumeandikwa. Na kadi ya kupandia ndege msiitupe.

#34 Kivuko 255
Nyinyi Wakenya mnalalamikia miezi mitatu 😅 Sisi Watanzania tangu 1 Januari 2026 visa mpya za matembezi na za masomo zimesimamishwa. Aliye na visa hai hakuguswa, lakini mpya ni ndoto. Na kabla ya hapo, Oktoba 2025, tuliwekwa kwenye dhamana: ubalozi unaweza kukudai dola 5,000 mpaka 15,000, utarudishiwa ukitoka kwa wakati. Kwa aliyelipa dhamana, hiyo rekodi ya kutoka anayosema Dereva ndiyo pesa yake.

#35 Chapati Nne
Dola elfu kumi na tano kwenda kukanda mzazi. Afadhali mzazi aje akandwe Tanga.

#36 Kivuko 255
Akija Tanga na mtoto wake Mmarekani, mtoto analipa visa ya dola 100. Mataifa mengi wanalipa 50, Mmarekani 100. Ni ya kuingia mara nyingi ndani ya mwaka, ila kila ukiingia usizidi siku 90. Mgeni mtu mzima akivuka Zanzibar kuna bima ya dola 44, lazima tangu Oktoba 2024.

#37 Mlezi wa Usiku
Subiri, mtoto wa Mtanzania si Mtanzania? Kwa nini alipe?

#38 Kivuko 255
Kwa kuzaliwa ni raia kwa urithi, tatizo ni pasipoti aliyoshika mkononi. Akiwa na ya Tanzania anapita kama mwenyeji. Akifika 18 lazima achague moja, uraia pacha kwetu hakuna. Wengi hawahangaiki na karatasi za ubalozi, wanalipa hiyo mia.

#39 Mwanagenzi TX
Sisi Kenya katiba ya 2010 imetuachia zote mbili, msituonee wivu. Mtoto wangu atakuwa na pasipoti ya Kenya, hana haja hata ya eTA, ile ruhusa ya mtandaoni ya wageni kuingia Kenya.

Nimezungumza na mama. Nilidhani atahuzunika. Anasema Mei ndiyo vizuri, shamba halina mtu na ng'ombe wa jirani wameshaingia mara mbili. Mke wangu ndiye anataka abaki. Nitapigia hiyo ofisi ya #22 kuuliza kama ni kosa, wakisema siyo, nabadilisha tiketi.

#40 Shangazi Halima
Tiketi ibadilishe mapema, na asiondoke siku ya 14 yenyewe. Ndege ikiahirishwa je? Mtoe siku kadhaa kabla.

#41 Karani Mstaafu
Naunga mkono #40. Na wewe unataka kumsindikiza na mtoto? Basi mtoto naye anahitaji pasipoti ya Marekani ya kutokea na kurudia, hata awe wa wiki mbili. Chini ya miaka 16 mnakwenda wazazi wote wawili, asiyeweza kufika anajaza fomu ya ridhaa, DS-3053, mbele ya mthibitishaji.

#42 Mwanagenzi TX
Tumeshajaribu picha yake ya pasipoti, imekataliwa. Mkono wa mama unaonekana umeshika kichwa.

#43 Mlezi wa Usiku
Mlaze kitandani juu ya shuka jeupe lisilo na mikunjo, simama juu yake, piga mchana karibu na dirisha ili kusiwe na kivuli. Piga baada ya kunyonya, siyo kabla.

#44 Chapati Nne
Na mwambieni asicheke. Pasipoti hawataki meno.

#45 Mlezi wa Usiku
Chapati, mtoto wa wiki sita meno kayatoa wapi?